Jioni Niliyotaka Kufuta Galaksi kwa Shati

Katika watu wote ninaowafahamu, aliyewahi kujaribu kufuta galaksi kwa upindo wa shati ni mimi peke yangu. Nalisema mapema, ili ninyi vijana mnaoanza kazi ya upimaji ardhi msije mkanisikiliza kwa heshima kupita kiasi. Nimepima vijiji vingi, nimestaafu salama, na bado nikikaa kimya nakumbuka lile shati. Lilikuwa la kijani, la mikono mifupi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, upande wa Nyansurura. Watu walikuwa wamezoea kuishi mji mmoja huku, mwingine kule, katikati ng'ombe. Sasa walitakiwa wasogee karibu na barabara, shule na zahanati. Wapimaji tulitangulia na vigingi, wenyeji wakafuata na vitanda vichwani. Usiku ng'ombe waling'oa vigingi, asubuhi tukavirudisha. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo, na niliipenda mno, kwa sababu nilikuwa kijana wa Tarime niliyetoka chuoni nikidhani najua kila kitu.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kofia aliyoivua wakati wa kulala tu. Alikuwa amekaa Mara miaka mingi mpaka akawa anakula ugali wa wimbi kutushinda sisi. Mashine yake ilikuwa thiodolaiti ya zamani, nzito, ya shaba. Ninyi leo mnabonyeza kitufe, setilaiti inawaambia mlipo. Sisi tulikuwa tunachungulia kwenye darubini ndogo yenye nyuzi mbili nyeusi zilizopishana kama msalaba. Ukiweka msalaba juu ya kitu, unasoma digrii. Tena darubini zile zilionyesha kila kitu miguu juu, kichwa chini. Ukizoea wiki moja, husumbuki.

Asiyezoea ndiye aliyepata taabu. Siku ya kwanza tulipofika kwa Bibi Wankuru, upande wa kaskazini wa kijiji, Mzee Shabani alimkaribisha achungulie aone nyumba yake. Bibi akainama, akatazama, akainuka taratibu.

"Kumbe mmeshaipindua," akasema. "Nilidhani mmekuja kupima kwanza."

Tulicheka sote, yeye hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aishiye na Rhobi, mke wake. Ndiyo, mke wake. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobu, waulizeni wazazi wenu. Mzee Shabani alipokuwa anaandika kaya akauliza, "Mume yuko wapi?" Bibi akamjibu, "Si huyu unayeongea naye?" Mzee akaandika bila kuinua kichwa.

Sasa shikeni hapa, maana mambo yote yako hapa. Mpaka wa kaskazini ulikuwa mstari mmoja mrefu, kutoka jiwe kubwa la mtoni, kilomita mbili kwenda mashariki. Aliye ndani ya mstari anabaki na nyumba yake. Nje ya mstari ni malisho ya pamoja, na nyumba iliyoko huko inabomolewa. Kwenye mchoro, mstari ulipita nyuma ya zizi la Bibi Wankuru, hatua arobaini hivi. Mzee Shabani alimwambia kwa kinywa chake: "Mama, wewe uko ndani. Lala usingizi."

Kuanza mstari kama ule unahitaji mwelekeo wa kweli. Wengi waliutafuta kwa jua. Mzee Shabani hakulipenda jua. Alisema jua ni kubwa mno, halina pa kulishika, ila nyota ni nukta, unaiweka katikati ya msalaba imekwisha. Kwa hiyo alikuwa na kitabu cha nyota, na giza likishaingia vizuri, saa mbili hivi, tulipima. Mmoja anachungulia, mwingine anamulika nyuzi kwa tochi kwa mbele, pembenipembeni, zionekane.

Ilikuwa Januari, mbingu safi. Mzee akashikwa na homa kali. Akiwa amelala hemani, anatetemeka, akaniambia, "Leo utapima mwenyewe. Tafuta nyota ya Mirachi, kaskazini magharibi. Usiguse kitu usichokijua."

Nilifurahi kama niliyepewa ng'ombe. Nikaweka mashine, nikaisawazisha, nikaanza kutafuta Mirachi. Nikaipita bila kujua. Nikashuka kidogo, nikashuka tena, na pale nikaona doa. Halikuwa nukta. Lilikuwa ukungu mweupe, mrefu kidogo, umefifia pembeni na kung'aa katikati. Nikazungusha lenzi lijikusanye liwe nyota. Nyota za jirani zikakaza, zikawa nukta kali. Doa likabaki doa.

Mimi, msomi, nikajiambia: lenzi imeota ukungu.

Nikafungua sehemu ya jicho. Nikamulika ndani kwa tochi nikaona vinywele viwili. Sasa chuoni kwetu mashine zilikuwa mpya, msalaba umechongwa kwenye kioo. Sikujua kwamba zile za zamani zilikuwa na nyuzi zenyewe. Nikasema, ahaa, uchafu wenyewe ndio huu, unywele wa Mzee umeingia. Nikachukua upindo wa shati, nikaufunga kwenye ncha ya penseli, nikafuta. Vikatoka vizuri sana.

Nikarudisha lenzi, nikachungulia. Doa lile lile, mahali pale pale, linanitazama. Msalaba haupo.

Vijana wangu, nilikaa chini kwenye nyasi. Mali ya umma, mashine pekee kwa eneo lote lile, nami nina miezi mitatu kazini. Nikaifunga kwenye sanduku lake. Asubuhi homa ya Mzee ikazidi, akachukuliwa na Landrova kwenda Mugumu kutibiwa. Kabla ya kuondoka akaniuliza, "Ulipata nyota?" Nikajibu, "Nilipata." Akafumba macho ameridhika.

Nikapiga mstari kwa dira.

Mnajua mawe ya huku kwetu. Mengine yana chuma, ukiyagonga yanalia. Dira ikiwa juu ya mawe hayo inavutwa kama mlevi anayevutwa na kilabu. Nilijua? Nilifundishwa. Lakini mwenye hofu hakumbuki alichofundishwa. Dira ilikosea digrii tatu. Juu ya meza, digrii tatu huzioni. Mwisho wa kilomita mbili, ni zaidi ya hatua mia moja. Siku ya tatu fito zetu nyekundu na nyeupe zilipita mbele ya mlango wa Bibi Wankuru, na zizi lote, ghala na nyumba mbili zikabaki upande wa malisho.

Bibi akatoka na kibuyu cha maziwa mkononi. Akasimama akatazama fito upande huu na upande ule.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mzee wenu aliniambia mstari unapita nyuma ya zizi."

"Mashine haidanganyi, mama."

Mashine ilikuwa kwenye sanduku, hemani, imefungwa kamba. Nimesema mengi maishani, lakini hilo ndilo neno ninalotamani ningelimeza. Bibi hakubishana. Akanipa maziwa, nikayanywa. Alasiri akaja katibu aliyesimamia uhamisho, kijana wa rika langu mwenye kalamu tatu mfukoni, akachora alama nyekundu mlangoni. "Jumamosi lori linakuja," akamwambia Rhobi. "Toeni vyombo mapema." Ilikuwa Jumanne.

Mzee Shabani alirudi Jumatano, amekonda, kofia imemlegea. Alipita barabara ya juu, akaona fito, akasimamisha gari. Alipofika hemani hakunisalimu. Akasema, "Lete daftari la nyota."

Nikampa. Ukurasa ulikuwa mtupu. Nikamwambia yote, hapo hapo, nimesimama: doa, vinywele, shati, dira, na nilichomwambia Bibi. Nilikuwa nalia, sitaki kuwaficha. Nikangoja aniambie nifungashe virago.

Mzee akafunga daftari. Halafu akauliza, "Doa hilo lilikuwa upande gani wa Mirachi?"

"Chini yake. Unapita nyota mbili ndogo, kisha ndilo."

"Ulipozungusha darubini, doa lilikwenda na darubini au lilibaki angani?"

Nikafikiri. "Lilibaki angani."

Basi mzee yule, mgonjwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlingoti wa hema. "Mwanangu," akasema, "doa la lenzi linakufuata kila uendako. Lile lililobaki ni la kwake huko. Ulitaka kuifuta Andromeda!"

Jioni ile, giza lilipotanda, alinitoa nje na blanketi lake mabegani. Alinigombeza? Alinigombeza baadaye, siku nyingi. Lakini kwanza alinionyesha. Na mimi niliyekuwa nimelia mchana nikasahau kulia, maana sijawahi kuona mtu akigawa furaha namna ile.

"Mashine haina msalaba, lakini jicho lake bado linaona," akasema. "Chungulia. Huo si ukungu. Ni mji wa nyota, nyota mabilioni kwa mabilioni, ziko mbali hata zimekuwa moshi. Nuru unayoiona sasa ilianza safari zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mababu wa babu zetu walikuwa hawajajua kuwasha moto, nayo iko njiani inakuja, imefika leo, wewe unaifuta kwa shati."

Nikachungulia. Doa lile lile! Lakini sasa sitaki kuliacha.

Akanigeuza nitazame juu, ule utepe mweupe tuliouzoea tangu utotoni. "Njia ya Maziwa. Huu ni mji wetu, tunautazama kutoka ndani, ndiyo maana unatuzunguka. Jua letu ni kibanda kimoja humo." Akanigeuza kusini. Juu kidogo ya vilima kulikuwa na vipande viwili vya wingu, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Nilikuwa nimeviona maisha yangu yote nikichunga, nikidhani ni mawingu ya ziwani yaliyopotea. "Hayo ni Mawingu ya Magellani. Hayanyeshi. Ni miji midogo ya nyota, inakaa karibu na mji wetu kama vibanda kando ya nyumba kubwa." Kisha akarudi kaskazini, karibu na Andromeda, akanitafutia doa jingine hafifu sana, mpaka nililiona kwa kutazama pembeni yake. "Na ile ni ya Pembetatu. Ukitaka kuona kitu hafifu, usikikodolee macho. Kitazame kwa pembeni."

Vijana, hilo la kutazama pembeni ni la kweli. Lijaribuni.

"Zote hizi ni kundi moja," akasema. "Mbili kubwa, yetu na Andromeda. Ya Pembetatu inafuata. Zilizobaki ni ndogondogo, baadhi zimeizunguka yetu, baadhi zimeizunguka ile. Kitabu changu kinasema ziko ishirini na kitu." Leo wameshahesabu zaidi ya themanini, na bado wanaokota nyingine, hafifu hata huwezi kuamini. Najua kwa sababu kila nikimwona mjukuu na simu namwambia anitafutie zimefika ngapi.

"Wamepangwaje?" nikauliza. Nilikuwa na vijiji kichwani.

"Hawajapangwa. Hakuna safu, hakuna uzio. Huyu huku, yule kule, katikati giza tupu. Lakini wanavutana, na kwa kuvutana hawatawanyiki. Hata sisi na Andromeda tunasogeleana." Akajifunga blanketi. "Haya. Kesho utakwenda kumwambia mwenye nyumba ulichofanya. Mimi siendi. Halafu utaniletea buibui."

Nikadhani homa imempanda.

Alhamisi asubuhi nilimwendea katibu kwanza, kwa kuwa nilimwogopa kidogo kuliko Bibi. Akanisikiliza, akapanga kalamu zake. "Mstari ni mstari," akasema. "Lakini mkinipa mwingine wenye sahihi ya mzee wenu kabla ya Jumamosi asubuhi, nitafuata huo." Nikaenda kwa Rhobi na Bibi. Vyombo vilikuwa tayari nje: masufuria, mtungi, kitanda, kuku ndani ya tenga. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, mashine haikudanganya. Ni mimi."

Rhobi alitukana kwa Kikurya, matusi ya kiwango cha juu, na sitayarudia hapa. Bibi alikaa juu ya kitanda chake kilichoko uani, akanitazama.

"Sasa unataka nini, mura, kijana wangu?"

"Buibui, mama. Wa ghalani."

Rhobi akaacha kutukana. Bibi akasema, "Nyumba yangu inabomolewa, na dawa yake ni buibui."

"Ndiyo, mama."

"Ingia uchukue. Wako wengi, hawajahama."

Hii kazi hakuna chuo kitakachowafundisha, kwa hiyo sikilizeni. Uzi wa msalaba katika mashine zile ulikuwa uzi wa buibui, na hautoki kwenye utando, utando una gundi na vumbi. Unamweka buibui juu ya kijiti, unamtikisa aanguke. Anaposhuka anajifunga kwa uzi wake mwenyewe, safi, mwembamba. Huo ndio unauzungushia kwenye panda ya mti, pole pole, mpaka ujae. Hemani, Mzee Shabani alikuwa amekaa pembeni na kijiko cha utomvu wa mgunga uliolainishwa kwa maji moto. Akatoa pete ya shaba ndani ya darubini, yenye mikato minne myembamba. Nilipulizia uzi pumzi upate unyevu ulegee, nikaubandika tope kidogo kila upande liuvute uwe mnyoofu, nikaulaza kwenye mikato, tone la utomvu huku, tone kule. Ukikauka unakaza kama uzi wa zeze. Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ulikatika. Rhobi, aliyekuwa amekuja kutazama ili apate cha kucheka, akanisukuma. "Una mikono ya kuchimba mihogo," akasema. Akaulaza wa tatu yeye, na wa nne. Mikono ya kushona shanga. Ukakaa.

Msalaba mpya hauwi katikati kamili. Unapima kitu kimoja kwa uso wa kushoto wa mashine, unaigeuza, unapima kwa uso wa kulia, unagawa tofauti. Tulifanya hivyo mchana kutwa.

Jioni ya Alhamisi, wingu. Mbingu yote imefunikwa kama sufuria. Tulikaa mpaka saa nne, hatukuona hata nyota moja. Mzee alisema neno moja tu, "Subira." Mimi sikuwa nayo. Ijumaa mchana wingu bado, na lori tayari lilikuwa limefika kijijini, limeegeshwa shuleni. Saa mbili na nusu usiku upepo ukaja kutoka ziwani, ukafungua kaskazini magharibi, upande mmoja tu. Nikaona doa kwanza. Nawaambia ukweli, niliona Andromeda kabla ya nyota nyingine, nikapanda kutoka hapo, nyota ndogo moja, ya pili, Mirachi. Doa nililotaka kulifuta ndilo lililonielekeza. Nikaiweka nyota kwenye msalaba wa buibui wa Bibi Wankuru, nikaita, Mzee akasoma saa akaandika. Mara sita. Akakokotoa kwa mwanga wa koroboi mpaka karatasi ikajaa.

Alfajiri ya Jumamosi tulipiga mstari mpya, tunakimbia na mnyororo wa kupimia. Fito zilipanda, zikapanda, zikapita nyuma ya ghala, nyuma ya zizi. Nikahesabu kutoka ukuta wa zizi: hatua thelathini na nane. Katibu alikuja na lori lake, akatazama fito, akatazama sahihi. Akachukua kitambaa akafuta ile alama nyekundu yeye mwenyewe, haikutoka yote, ikabaki kivuli cha waridi mlangoni. Rhobi alirudisha kuku kwanza.

Jioni yake Mzee Shabani alibeba mashine mpaka uani kwa Bibi. Akaiweka, akailenga, akaniachia mimi nimweleze. Bibi akainama kwa muda mrefu, mkono mgongoni.

"Naona moshi," akasema.

"Ni watu wengi, mama. Yaani nyota. Mji mzima. Na sisi tuko kundi moja nao, wao kule, sisi huku."

"Nani aliwapimia viwanja?"

"Hakuna."

"Na hawajagombana." Akaendelea kutazama. "Ndilo hili uliloona ukadhani ni uchafu?"

"Ndilo, mama."

Akainuka. Nyuma yake mlango wa nyumba ulikuwa wazi, moto wa Rhobi unawaka, na ile alama ya waridi inaonekana.

"Siku nyingine, mura," akasema, "ukiona doa, uliza kwanza kama lina wenyewe."

Nilifanya kazi hii mpaka nywele zikageuka. Kila karatasi ya ramani iliyoletwa mbele yangu ikiwa na alama ndogo pembeni, mtu ananiambia hiyo ni takataka ya wino, futa tuendelee, niliweka kalamu chini, nikavaa viatu, nikaenda kutazama. Mara nyingi nilikuta kuna moshi, na kuku, na mtu anayeniuliza nimekuja kutafuta nini.